Alama ni Moja, Usomaji ni wa Lugha: Opereta za Msingi za Programu za Kompyuta kwa Mwanafunzi Aanzaye wa Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza opereta za msingi zinazotumika katika kuandika programu za kompyuta, yaani opereta za hesabu, ya kuweka thamani, za ulinganishi na za mantiki. Mlengwa ni mwanafunzi aanzaye wa Kampala, ambaye kwa kawaida amejifunza hesabu kwa Kiingereza na anakutana na Kiswahili kama somo. Hoja kuu ni kwamba alama za opereta si mali ya lugha yoyote, ilhali usomaji wake ni wa lugha. Usomaji usio makini huzaa programu inayokwenda bila kukwama na bado ikatoa jibu la uongo. Kwa kutumia mifano ya saa ya Kiswahili, kodi ya mshahara, pesa za simu na ruzuku ya wazee, makala yanaonesha kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kutenganisha maana ambazo mwanafunzi huzichanganya. Mwishoni unapendekezwa usomaji sanifu wa opereta kwa matumizi ya shule na ya waandaaji wa sera.

Maneno msingi: opereta, programu za kompyuta, usanifishaji wa istilahi, Kiswahili nchini Uganda

1.0 Utangulizi

Kampala si ngeni katika usanifishaji wa Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilihamia Makerere mwaka 1952 na kufanyia kazi zake huko kwa takribani muongo mmoja. Baada ya hapo Kiswahili kilipita katika kipindi kirefu cha kupuuzwa nchini Uganda, hadi marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalipokitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kukitekeleza Kiswahili kama lugha rasmi na kukifanya somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Maamuzi hayo yanaibua swali ambalo halijajibiwa vya kutosha: mwanafunzi wa Uganda akishajua kusalimu, kusimulia na kuandika insha kwa Kiswahili, atakitumia kufanyia nini kingine? Katika uwanja wa kompyuta, juhudi zinazokumbukwa zaidi zimekuwa za kutafsiri violesura. Mfano ni Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kutokana na kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ya aina hiyo humhudumia anayetumia programu. Anayeandika programu ana haja tofauti: anahitaji lugha ya kufikiria.

Haja hiyo ina sura ya pekee Kampala. Mtoto wa Tanzania anayesoma shule ya msingi ya serikali hujifunza kujumlisha na kugawanya kwa Kiswahili. Mtoto wa Kampala hujifunza matendo hayo kwa Kiingereza, pengine kwa Kiganda katika madarasa ya awali, na hukutana na Kiswahili bila msamiati wa hesabu. Kwa hiyo mwalimu hawezi kudhani kwamba maneno kama *baki*, *mabano* au *isiyozidi* yanafahamika. Opereta ni mahali pazuri pa kuanzia kuziba pengo hilo, kwa kuwa alama zenyewe, kama vile + na <, ni zilezile kwa mwanafunzi wa Kampala, wa Bujumbura na wa Zanzibar. Kinachobadilika ni jinsi zinavyosomwa.

2.0 Maana ya opereta

Opereta ni alama au neno fupi linaloiamuru kompyuta itende tendo fulani juu ya thamani moja au zaidi na kutoa tokeo. Katika `7 + 5`, alama ya `+` ni opereta, 7 na 5 ni thamani zinazotendewa, na 12 ni tokeo. Mkusanyiko wa thamani na opereta unaotoa tokeo moja unaitwa *mtajo* katika makala haya. *Kigeu* ni jina linalopewa thamani ili iweze kuitwa tena na kubadilishwa wakati programu inapoendelea.

Kwa mtazamo wa isimu, opereta inafanana na kitenzi. Kama vile kitenzi *pa* kinavyodai mpaji, mpewa na kitolewacho, ndivyo opereta ya kugawanya inavyodai kigawanywa na kigawanyi, na mpangilio wake ukigeuzwa maana hugeuka pia. Mifano mingi inayofuata imeandikwa kwa Python, lugha ya programu iliyobuniwa na Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kwa sababu inatumika sana kwa wanaoanza na sintaksia yake ni nyepesi. Pale ambapo lugha nyingine hutenda tofauti, tofauti hiyo inatajwa.

3.0 Opereta za hesabu

*3.1 Kugawanya na kubaki*

Kujumlisha (`+`) na kutoa (`-`) hakuna ugeni. Kuzidisha huandikwa kwa nyota (`*`). Ugumu wa kwanza uko katika kugawanya, kwa sababu tendo ambalo shuleni ni moja hapa linakuwa matatu.

Taksi za Kampala, ambazo Nairobi huitwa matatu na Dar es Salaam daladala, huruhusiwa kubeba abiria 14. Ikiwa wanafunzi 100 wanasafirishwa kwenda Makumbusho ya Uganda, Kamwokya, mitajo mitatu ifuatayo inatoa majibu matatu:

`100 / 14` hutoa 7.142857 na desimali zinazoendelea;
`100 // 14` hutoa 7, yaani idadi ya taksi zinazojaa;
`100 % 14` hutoa 2, yaani wanafunzi wanaobaki.

Hakuna hata mtajo mmoja uliotoa jibu ambalo mwalimu wa zamu analihitaji, yaani taksi 8. Kompyuta imetenda ilichoamriwa. Kuamua kwamba wale wawili waliobaki nao wanahitaji gari ni kazi ya mwandishi wa programu. Aidha, mwanafunzi aonywe mapema kwamba `%` katika programu haisomwi *asilimia*. Inasomwa *baki la*: `100 % 14` ni "baki la 100 kugawanya kwa 14". Lugha nazo zinatofautiana: katika C na Java, alama ya `/` kati ya namba nzima mbili hutupa desimali, hivyo `7 / 2` ni 3, katika Python toleo la 3, lililotoka mwaka 2008, ni 3.5.

Mfano mzuri zaidi wa opereta ya baki umo ndani ya lugha zenyewe. Kiswahili na Kiganda huhesabu saa kuanzia mapambazuko: simu inapoonesha 7:00 asubuhi, Mswahili husema saa moja na Muganda husema *ssaawa emu*. Mwanafunzi akitakiwa kuandika programu inayobadili saa ya simu kuwa saa ya Kiswahili, jaribio la kwanza huwa kuongeza 6 na kutafuta baki la 12:

`(saa + 6) % 12`

Saa 7 inatoa 1; saa 2 inatoa 8; saa 12 inatoa 6, yaani saa sita. Yote ni sahihi. Lakini saa 6 inatoa 0, na hakuna anayesema "saa sifuri asubuhi". Baki la kugawanya kwa 12 huanzia 0 hadi 11, ilhali saa huanzia 1 hadi 12. Dawa yake ni kuongeza 5, kutafuta baki, kisha kuongeza 1:

`(saa + 5) % 12 + 1`

Sasa saa 6 inatoa 12 na saa 7 inatoa 1. Kwa zoezi hili mwanafunzi anajifunza opereta ya baki, matumizi ya mabano, na tabia ya kupima programu penye mpaka, bila kutoka nje ya maarifa aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

*3.2 Mpangilio wa matendo*

Wanafunzi wa Tanzania hukariri mpangilio wa matendo kwa neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo linashikika kwa urahisi, na mwalimu wa Kampala anaweza kuliazima. Hata hivyo, likichukuliwa kwa herufi linapotosha. Anayeamini kwamba kujumlisha daima hutangulia kutoa atausoma mtajo `10 - 4 + 3` kuwa 10 kutoa 7, na kupata 3. Kompyuta hutoa 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hutendwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kuzidisha na kugawanya navyo ni hivyohivyo: `2 * 7 // 2` ni 7, lakini anayetanguliza kugawanya atapata 6. Kwa hiyo MAGAZIJUTO ifundishwe kama ngazi tatu, ambazo ni mabano. Gawanya pamoja na zidisha. Jumlisha pamoja na toa.

Gharama ya kusahau mabano inaonekana katika kodi ya mshahara. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Uganda katika mwaka wa fedha 2012/13, mkazi ambaye mshahara wake wa mwezi unazidi shilingi 335,000 lakini hauzidi 410,000 hutozwa shilingi 10,000 pamoja na asilimia 20 ya kile kinachozidi 335,000. Kwa mshahara wa shilingi 400,000, mtajo sahihi ni:

`10000 + 0.2 * (mshahara - 335000)`

Tokeo ni shilingi 23,000. Mabano yakiondolewa, kompyuta huzidisha kwanza, kisha hutoa 335,000 kutoka kwenye jumla, na tokeo huwa −245,000: serikali inadaiwa na mfanyakazi. Neno linalobeba mabano hayo kwa Kiswahili ni *kile kinachozidi*. Kishazi hicho kinaunda kitu kimoja kabla hakijazidishwa, na mwanafunzi akizoezwa kukitambua katika sentensi, atajua mahali pa kufungua mabano.

*3.3 Kujumlisha au kuunganisha*

Opereta `+` ina kazi ya pili. Ikikutana na mifuatano ya herufi, huiunganisha: `"256" + "700"` hutoa `"256700"`. Alama za nukuu ndizo zinazoiambia kompyuta kwamba hizi ni herufi zenye sura ya tarakimu. Anayeanza hunaswa hapa kwa sababu kile ambacho mtumiaji anakiandika kwa kibodi, Python hukipokea kama mfuatano wa herufi. Mtumiaji akiandika 5000, kisha 2000, na programu ikaunganisha badala ya kujumlisha, kioo kitaonesha 50002000. Shilingi elfu saba zimekuwa zaidi ya milioni hamsini. Ikiwa upande mmoja ni herufi na mwingine ni namba, Python hukataa kuendelea. JavaScript hukubali, na `"5" + 3` hutoa `"53"`.

Katika jambo hili lugha ya nyumbani inaweza kusaidia na inaweza kupotosha. Kitenzi cha Kiganda *okugatta* hubeba maana zote mbili, kujumlisha namba na kuunganisha vitu, kama alama ya `+` yenyewe. Kiswahili kina vitenzi viwili. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi aseme kwa sauti ama *jumlisha* ama *unganisha* kila anapoandika `+` anamlazimisha aamue kwanza aina ya thamani alizonazo, na uamuzi huo ndio unaozuia kosa.

4.0 "Sawa na" na "iwe"

Alama ya `=` ilianzishwa na Robert Recorde katika kitabu alichokichapisha mwaka 1557, naye aliikusudia iseme kwamba vitu viwili vinalingana. Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, iliichukua kwa kazi tofauti, yaani kuweka thamani katika kigeu. Algol ilijaribu kuondoa utata kwa kuandika `:=`, lakini C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliendelea na `=` kwa kuweka thamani na kutumia `==` kwa kuuliza usawa. Java, JavaScript na Python zilirithi utaratibu huo.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hukutana na sentensi ya aina hii:

`salio = salio - 500`

Ikisomwa "salio ni sawa na salio kutoa 500", ni uongo mtupu kwa mujibu wa hesabu alizofundishwa. Hakuna namba inayolingana na namba hiyohiyo iliyopunguzwa 500. Anayeisoma hivyo ama hukata tamaa ama hukariri bila kuelewa. Tatizo limo katika usomaji. Sentensi hii haitoi habari, inatoa amri, na Kiswahili kina umbo maalumu la kauli ya namna hiyo: dhamira tegemezi yenye kiambishi tamati -e. Isomwe hivi: *salio liwe salio la sasa kutoa 500*. Ukinzani unatoweka, kwani kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba *liwe* huelekeza kwenye hali itakayokuwapo baada ya amri kutekelezwa.

Kwa upande mwingine, `salio == 0` haiamuru chochote. Inauliza: *je, salio linalingana na 0?* Tokeo lake ni *kweli* au *si kweli*. Hivyo alama mbili zinazotofautiana kwa kistari kimoja tu machoni zinatofautiana kabisa masikioni. Katika C, anayeandika `if (salio = 0)` akikusudia kuuliza atakuwa ameamuru, na salio la mteja litafutwa bila programu kukwama. Python huikataa sentensi ya namna hiyo, lakini mwanafunzi hatabaki na Python maisha yake yote.

Utaratibu huohuo unaeleza opereta za mkato. `salio += 500` ni *salio liongezwe 500*; `salio -= 500` ni *salio lipunguzwe 500*. Mfano wa pesa za simu unaziweka pamoja. Kuanzia Novemba 2018, baada ya marekebisho ya sheria iliyoanza Julai mwaka huo, kodi ya pesa za simu nchini Uganda ilibaki kwenye utoaji wa fedha pekee, kwa asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Ukiacha ada ya kampuni, programu ni mistari miwili:

`kodi = kiasi * 0.005`
`salio = salio - kiasi - kodi`

Kiasi kikiwa shilingi 100,000, kodi iwe 500, na salio lipungue kwa 100,500. Mistari ikibadilishana nafasi, ule wa kutoa utaitafuta kodi kabla haijakokotolewa, na programu itakwama. Amri hutekelezwa kwa mfuatano. Milinganyo ya hesabu haina mfuatano. Hiyo ni sababu nyingine ya kuisoma `=` kuwa *iwe*.

5.0 Opereta za ulinganishi

Opereta za ulinganishi ni sita: `<`, `>`, `<=`, `>=`, `==` na `!=`. Zote huuliza swali na kujibiwa *kweli* au *si kweli*. Hatari iko penye mpaka, na hapo ndipo lugha ya sera inapokutana na lugha ya programu.

Katika mpango wa Uganda wa ruzuku kwa wazee, unaofahamika kwa kifupi SAGE, kiwango kimekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na ulipoenezwa nchi nzima ulilenga wazee wa miaka 80 na zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida, watu husema "wazee wa zaidi ya miaka 80". Msikilizaji huelewa kwamba aliyetimiza 80 yumo. Kompyuta haielewi hivyo. Mwandishi wa programu anayefuata maneno hayo kwa uaminifu ataandika `umri > 80`, na mzee aliyetimiza miaka 80 leo atajibiwa *si kweli* hadi atakapotimiza 81. Kwa miezi 12 hiyo ni shilingi 300,000. Mzee huyo hataoneshwa kosa lolote. Jina lake halitakuwamo kwenye orodha, basi. Opereta sahihi ni `>=`.

Kiswahili kina njia ya kusema mpaka kwa usahihi bila kurefusha maneno, nayo ni kirejeshi kanushi. *Umri usiopungua 80* ni `umri >= 80`; *mshahara usiozidi 235,000* ni `mshahara <= 235000`. Usahihi huo una sababu ya kimantiki. Kutopungua ni ukanushi wa kupungua, na ukanushi wa `<` ni `>=`; kutozidi ni ukanushi wa kuzidi, na ukanushi wa `>` ni `<=`. Hivyo jozi mbili tu za vitenzi, *zidi* na *pungua* pamoja na kanushi zake, zinatosha opereta nne. Maneno kama *hadi*, *mpaka*, *zaidi ya* na *kuanzia* yanafaa katika hotuba, lakini katika waraka ambao utageuzwa programu yafuatiwe na umbo lisilo na utata.

6.0 Opereta za mantiki

George Boole alionesha katika kitabu chake cha mwaka 1854 kwamba fikra zinaweza kukokotolewa kama namba. Opereta tatu za msingi wa mantiki hiyo huandikwa `and`, `or` na `not` katika Python, na `&&`, `||` na `!` katika C na Java. Usomaji wake unaonekana rahisi: *na*, *au*, *si*. Kwa hakika hapa ndipo Kiswahili cha kila siku kinapoachana zaidi na kompyuta.

Chukua sentensi: "Msaada utolewe kwa wajane na yatima." Hakuna Mswahili atakayeelewa kwamba anayestahili lazima awe mjane na yatima kwa wakati mmoja. *Na* hapa inaunganisha makundi mawili ya watu. Lakini programu humhoji mtu mmojammoja, na `mjane and yatima` itawaacha nje karibu wote. Kanuni ya kumfundisha mwanafunzi ni kubadili orodha ya makundi kuwa sharti la mtu mmoja kabla ya kuandika: *anayepewa awe mjane au yatima*. Sentensi mpya inaonesha wazi kwamba opereta ni `or`.

*Au* nayo ina mitego miwili. Kwanza, mgeni anayeulizwa "chai au kahawa?" anatarajiwa kuchagua kimoja, ilhali `or` hukubali pia vyote viwili. Palipokusudiwa kimoja tu, Kiswahili kinayo *ama ... ama*, na katika programu `a != b` hutosha pale ambapo *a* na *b* ni kweli au si kweli. Pili, Kiswahili huruhusu kufupisha: "umri ni 60 au 65". Mwanafunzi akiandika `umri == 60 or 65`, Python huisoma kuwa *(umri unalingana na 60) au 65*, na kwa kuwa namba yoyote isiyo sifuri huhesabiwa kuwa kweli, sharti hupita daima. Ni lazima kigeu kirudiwe: `umri == 60 or umri == 65`.

Mpangilio wa opereta hizi ni `not`, kisha `and`, kisha `or`. Sharti "mjane au yatima mwenye kitambulisho" likiandikwa `mjane or yatima and kitambulisho`, mjane atapita bila kitambulisho kwa sababu `and` hutangulia. Ikiwa kitambulisho kinadaiwa kwa wote, iandikwe `(mjane or yatima) and kitambulisho`. Ieleweke kwamba sentensi ya Kiswahili yenyewe ina utata. Mwandishi wa programu akikaa kimya, kompyuta itauamua kwa niaba ya mwandishi wa sera.

Kuhusu ukanushi, "hakuleta barua na kitambulisho" huweza kumaanisha kwamba alikosa kimojawapo, au alikosa vyote. Cha kwanza ni `not (barua and kitambulisho)`, ambacho ni sawa na `not barua or not kitambulisho`. Cha pili ni `not barua and not kitambulisho`, na Kiswahili kina kiunganishi chake: *hakuleta barua wala kitambulisho*. *Wala* ni *na* pamoja na *si* katika neno moja.

7.0 Mapendekezo

Jedwali lifuatalo linakusanya usomaji uliojadiliwa.

| Alama | Usomaji unaopendekezwa |
|---|---|
| `+` kwa namba | jumlisha |
| `+` kwa herufi | unganisha na |
| `-`, `*` | kutoa, kuzidisha kwa |
| `/` | kugawanya kwa |
| `//` | kugawanya kwa, namba nzima tu |
| `%` | baki la kugawanya kwa |
| `=` | iwe (kwa upatanisho wa ngeli: liwe, kiwe, uwe) |
| `+=`, `-=` | iongezwe, ipunguzwe |
| `==`, `!=` | je, inalingana na; je, hailingani na |
| `>`, `<` | inazidi, inapungua |
| `>=`, `<=` | haipungui, haizidi |
| `and`, `or`, `not` | na pia, au, si kweli kwamba |

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, iratibu usomaji mmoja wa opereta kwa nchi wanachama, ili mwanafunzi wa Kampala asije akalazimika kujifunza upya akienda Arusha au Goma. Kazi hii ni ndogo kuliko kamusi nzima ya kompyuta na inaweza kuitangulia. Pili, waandaaji wa mitaala nchini Uganda waunganishe somo la Kiswahili na hesabu kwa kiasi cha kumpa mwanafunzi maneno ya matendo, mabano, baki na ulinganishi. Tatu, waandishi wa sera wanaoandaa nyaraka za Kiswahili watumie maumbo yasiyo na utata, hususani *isiyozidi*, *isiyopungua*, *ama ... ama* na *wala*, kila wanapotaja masharti ya kustahili.

Huenda ikahojiwa kwamba mwanafunzi ataajiriwa mahali panapotumia Kiingereza, hivyo usomaji wa Kiswahili ni mzigo wa ziada. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama alama zingebadilika. Hazibadiliki. Anayeelewa kwa nini `>=` si `>` ameelewa katika kila lugha, na programu aliyoiandika Kampala itatenda vivyo hivyo popote.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba makosa mengi ya opereta kwa wanaoanza hutokana na namna alama inavyosomwa kabla haijaandikwa. Kiswahili kimeonekana kuwa na dhamira tegemezi ya kutofautisha amri na swali, kirejeshi kanushi cha kutaja mpaka, na *wala* ya kuunganisha ukanushi. Nyenzo hizi zimo tayari katika sarufi inayofundishwa madarasani Uganda. Zinahitaji kupewa kazi hii kwa makubaliano ya pamoja. Kadiri huduma za umma zinavyohamia kwenye mifumo ya kompyuta, ndivyo tofauti kati ya *kuzidi* na *kutopungua* itakavyoendelea kuamua jina la nani limo kwenye orodha na la nani halimo.